Kaseti ya Bibi Zerin

Wiki mbili zilizopita bomba la maji machafu liliziba katika nyumba ninayopanga Quakers Hill. Fundi akaja asubuhi, akafungua mfuniko wa zege uani, na ile harufu ikapanda. Kuna watu ambao harufu ya utoto wao ni maandazi, au mafuta ya nazi kwenye nywele za mama. Yangu mimi ni hiyo. Nilikaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma. Fundi akadhani nataka kutapika, akaniambia niingie ndani. Sikuingia. Nilitazama kila alichokitoa mle kwa waya wake mrefu: mizizi ya miti, matambara, mafuta yaliyoganda. Alipomaliza akaniuliza kama nilikuwa nimepoteza pete. Nikamwambia hapana.

Ninawaandikia wenzangu wa rika langu, tuliokuwa watoto dunia ilipofungwa. Wakubwa wetu wakiikumbuka miaka ile husimulia chanjo, na kazi, na mazishi waliyoyahudhuria kwa simu. Sisi tulikuwa chini ya meza zao tukisikia nusu ya kila kitu. Tulijua huko nje kuna jambo la kutisha, na ile nusu tusiyoisikia tukaijaza wenyewe. Mimi niliijaza vibaya.

Tulikuwa tukiishi Villawood, kwenye jengo la ghorofa tatu la matofali mekundu lisilo na lifti, dakika chache kutoka stesheni. Chini walikaa Wasamoa wenye watoto wanne. Katikati tulikaa mimi na Mama. Baba alikuwa amekwenda Tanga kumzika babu, mipaka ikafungwa nyuma yake, akageuka kuwa uso kwenye simu, uso uliokuwa ukiganda mdomo wazi kila mtandao ulipolegea. Mama alifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, zamu ya usiku. Alirudi mimi nikinywa chai, akavua sare yake mlangoni na kuitia kwenye mfuko, akaoga, akalala hadi alasiri. Kazi yangu ilikuwa kukaa mbele ya kompyuta ya shule nimevaa spika za masikioni, na kuhakikisha nyumba haitoi kelele. "Wewe ndiye mlinzi wangu," aliniambia. Nilikuwa na miaka kumi. Niliichukua kazi ile kwa uzito zaidi kuliko masomo.

Na juu yetu, ghorofa ya mwisho, kulikuwa na mwanamume anayeimba.

Sikuwahi kumwona. Nilimsikia tu, kupitia dari, kila siku baada ya saa nne asubuhi. Ilikuwa sauti kavu, ya juu, iliyopanda pole pole kama mtu anayekwea kilima na mzigo, ikakatika mahali palepale kila siku, kisha ikaanza upya. Chini yake kulikuwa na nyuzi, chombo kama gambusi. Mara nyingine mwanamke aliimba pamoja naye. Mwanamke huyo nilimjua kwa sura: bibi mfupi mwenye kitambaa cheupe kichwani, aliyeshuka kila Alhamisi akivuta kigari chake cha kwenda dukani. Alipokaribia uzio mrefu wa kituo cha kuwashikilia wahamiaji kilichokuwa mtaani kwetu, alivuka barabara, ingawa upande wa pili hakukuwa na njia ya kutembea, akawa anaburuta kigari kwenye majani. Lakini mwanamume hakushuka hata siku moja. Nikahitimisha kwamba ni mgonjwa, amejitenga chumbani, na anaimba ili watu wajue bado yu hai.

Siri hiyo nilikaa nayo wiki nzima. Kisha nikaandika kikaratasi kwa Kiingereza, kwamba mjomba, je, unaumwa sana, sisi tuna tangawizi, nikapanda ngazi kwa soksi na kukipenyeza chini ya mlango. Sijafika hata nusu ya ngazi za kurudi, mlango ukafunguka. Yule bibi alikuwa amesimama na karatasi mkononi, akicheka hadi ameshika mwimo wa mlango. Halafu kicheko kikamwisha ghafla, kama vile mtu amemwita kutoka ndani.

"Ngoja," akasema.

Akarudi na redio kaseti ya zamani, kubwa, imefungwa utepe wa gundi kwenye mpini. Akaiweka sakafuni kizingitini. Akabonyeza, na mwanamume wangu mgonjwa akaanza kuimba mbele ya miguu yangu.

"Huyu mdogo wangu," akasema. "Jina lake Jiwan. Anaimba harusini."

"Yuko wapi?"

Akagusa kile kidirisha cha plastiki ambacho nyuma yake magurudumu mawili madogo yalikuwa yakizunguka. "Humu."

Ndivyo nilivyomjua Bibi Zerin. Mama alipopata habari alinikanya nisimwite jina kavu, mtu mzima wa umri ule, kwa hiyo akawa Bibi Zerin, na yeye alilipenda hilo "bibi" nilipomweleza maana yake. Yeye aliniita keça min, yaani binti yangu kwa Kikurdi. Kutembeleana majumbani kulikuwa kumekatazwa, basi tulikutana kwenye ngazi. Yeye aliketi kwenye kigoda mlangoni mwake, mimi nikaketi vidato sita chini yake, barakoa usoni, na kati yetu sahani ya matunda makavu meusi ambayo alinisogezea kwa ncha ya fimbo yake. Tulizungumza Kiingereza, chake cha kuungaunga na changu cha shuleni.

Alinieleza mambo mengi, mengine sikuyaelewa hadi nilipokuwa mtu mzima. Watu wake ni Wakurdi, na nchi yao imegawanywa katika nchi nne za watu wengine. Alipokuwa msichana, katika ile aliyozaliwa yeye, vibao vya vijiji viling'olewa vikawekwa vingine vyenye majina mapya, ya lugha ya serikali. Shuleni mwalimu aliwachapa viganja kwa kila neno la Kikurdi lililowaponyoka. Jiwan, aliyekuwa fundi seremala na mwimbaji wa harusi, akatunga wimbo. Haukuwa na tusi ndani yake wala haukumtaja mkubwa yeyote. Ulikuwa majina ya vijiji tu, yale ya zamani, kimoja baada ya kingine, kuanzia bondeni hadi mlimani. Harusini aliposimama kuuimba watu walilia na kupiga makofi, kila mtu akisubiri kijiji chake. Mtu mmoja alirekodi. Kaseti ile ikanakiliwa, ikapita mikononi, ikafukiwa kwenye bustani za vitunguu, ikashonewa ndani ya mito. Siku moja wanajeshi wakaja kijijini. Jiwan aliondoka nao amevaa kandambili na hakurudi.

"Kwa sababu ya majina?" nikauliza.

"Kwa sababu ya majina."

Nilipotelemka nilifungua ramani ya shule kwenye kompyuta nikaitafuta nchi yake. Kesho yake nikampelekea majibu, kwa ule ukweli wa watoto usio na huruma. "Bibi, nimeitafuta. Haipo."

"Najua," akasema. "Ndiyo maana tunaiimba."

Nakala nyingine zote za kaseti zilikuwa zimepotea au zimechomwa. Hiyo moja aliivusha mwenyewe kwenye soksi ya mtoto. Alikuwa anamtunzia Rojda, binti wa Jiwan, aliyeachwa na baba yake akiwa na miaka miwili. Rojda alikuwa ameshapata visa ya kuja kuishi naye, tiketi imekatwa, na mipaka ikafungwa juma lilelile. Niliwahi kumwambia Bibi Zerin kwamba jambo hilo ni rahisi mno, ningeweza kuirekodi kwa simu ya Mama na kumtumia Rojda siku hiyohiyo. Alishtuka, akainua fimbo kama anayezuia mlango.

"Simu ina masikio," akasema. "Huko wakikuta sauti hii kwenye simu yake, hatapanda ndege. Nyimbo za Jiwan ninazo kichwani, hizo hazina shida, nitamfundisha zote. Sauti yake ndiyo sina mahali pengine. Acha aje aisikie hapa, mbele yangu, mlango umefungwa."

Mimi nilidhani ni ukaidi wa kizee.

Sasa nifike kwenye lile ninaloliandikia.

Ninyi mliokulia huku ughaibuni mnajua jinsi tulivyokuwa na lugha za nyumbani. Mama alinisemesha Kiswahili, mimi nilimjibu Kiingereza, na kila mmoja alimwelewa mwenzake, kwa hiyo sikuona tatizo. Alasiri moja nimeketi kwenye ngazi, Mama ameamka, akaniita kutoka ndani. "Mwanangu, njoo ule, wali unapoa!" Nikapaza sauti nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nakuja, asipige kelele. Bibi Zerin aliacha kutafuna.

"Mama yako anasema lugha gani?"

"Kiswahili."

"Wewe hujui?"

"Najua. Sipendi tu. Hapa hakuna anayeitumia."

Alinitazama kwa muda. Hakuwa na hasira, na nadhani angekuwa na hasira ingeniumiza kidogo kuliko vile alivyonitazama.

"Mimi walinipiga hapa," akasema, akanionyesha kiganja. "Hapa, kwa fimbo ya mti mbichi. Wewe nani amekupiga, keça min? Hakuna aliyekupiga. Wewe unaitupa mwenyewe."

Nilihisi masikio yanawaka. Alikuwa mgeni tu aliyeishi juu yetu, hajui shule yangu, hajui walivyonicheka nilipokuwa darasa la kwanza na kulitaja yai kwa neno la nyumbani. Nilishuka ngazi bila kuaga. Na usiku kucha na kesho yake nilitafuta jibu la kumrudishia, jibu ambalo lingemuuma yeye kama lake lilivyoniuma.

Jibu lilijileta lenyewe. Asubuhi iliyofuata Jiwan alianza kuimba, na Bibi Zerin akaimba naye kwa sauti kubwa kuliko siku zote, labda kwa sababu mawingu yalikuwa yameshuka na helikopta ya polisi ilikuwa ikizunguka juu ya mitaa yetu tangu alfajiri. Mama akatoka chumbani saa tano, macho mekundu, mkono kwenye paji la uso.

"Mwanangu, panda kwa Bibi, umwombe apunguze kidogo. Kwa adabu. Mwamkie kwanza."

Ujumbe niliotumwa ulikuwa huo. Jana yake kwenye habari walikuwa wamesema wanajeshi watashuka mitaa ya kwetu kuwasaidia polisi kuhakikisha wagonjwa hawatoki majumbani. Nilipanda vidato vile nikiwa na maneno ya Mama mdomoni, na nilipofika juu nikayabadilisha. Nakumbuka niliyabadilisha kwenye kidato cha mwisho kabisa. Nilikuwa na nafasi ya kutosha ya kufanya vingine.

Bibi Zerin alifungua mlango akitabasamu. Nadhani alitaka tupatane. Sahani ilikuwa tayari mkononi.

"Polisi walikuja," nikasema. "Wameuliza nani anaimba nyimbo za kigeni. Wamesema usiimbe tena. Wamesema watarudi na wanajeshi."

Nilitegemea atashtuka kidogo, aone aibu, aombe radhi. Nilitaka anyamazishwe, kama alivyoninyamazisha. Sikujua kwamba uso wa mtu mzima unaweza kurudi nyuma miaka arobaini mbele ya macho yako. Alitazama ngazi, upande wa chini, muda mrefu. Halafu akaitazama dari ambayo juu yake helikopta ilikuwa ikinguruma. Akainama, akaiweka sahani sakafuni taratibu sana, kama mtu asiyetaka isikike.

"Umekuja kuniambia," akanong'ona. "Ahsante, keça min. Shuka. Usionekane hapa."

Mlango ukafungwa, nikasikia minyororo miwili. Nilishuka nikiwa na furaha kidogo, lazima niseme hivyo. Mama alilala vizuri siku ile.

Ukimya ulidumu siku tatu. Siku ya pili ulishaanza kunichosha, nikawa nafikiri nipande nimwambie nilikuwa natania. Siku ya tatu, adhuhuri, wanajeshi wakaja kweli.

Walikuwa wawili, kijana wa kiume na wa kike, pamoja na polisi mmoja. Walikuja kwa sababu ya Wasamoa wa chini, ambao baba yao alikuwa ameambukizwa. Walibeba boksi la vyakula: mchele, maharage ya kopo, pakiti za biskuti. Niliwaona kutoka kwenye kibaraza, na kabla sijapata wazo lolote moyo wangu uliniambia: uongo wako umewaita. Nilirudi ndani nikajibanza nyuma ya kochi. Nikasikia buti kwenye ngazi. Walibisha kwetu pia, Mama akaenda na khanga kichwani. Yule wa kike aliuliza kama tuna dalili zozote, na kama tunahitaji chakula. Mama akasema hatuna, ahsanteni. Yote hayo hayakuzidi dakika tano.

Na katika dakika hizo tano, juu yetu, maji ya choo yalivutwa. Yakavutwa tena. Tanki halikuwa likipewa hata nafasi ya kujaa. Kulikuwa na mkasi, au kisu, kitu cha chuma kikigonga kwenye marumaru, na nyayo za haraka, kisha maji tena. Yule kijana wa kiume alitazama juu, akatabasamu nyuma ya barakoa, akamtania mwenzake kwamba huko kuna mtu ana siku mbaya. Wakashuka. Ghorofa ya tatu hawakupanda kabisa.

Siku mbili baadaye choo cha Wasamoa kilifurika. Fundi bomba akaletwa, akavua jaketi, akafungua mfuniko wa zege uani karibu na kamba za kuanikia nguo, na ile harufu ikapanda hadi kwetu. Watoto wa jengo zima tulitoka vibarazani kutazama, maana hatukuwa na sinema nyingine. Aliingiza waya wake, akauzungusha, akavuta. Kikatoka kitu kama nywele. Akavuta tena, nacho kikaendelea kutoka, utepe mwembamba wa kahawia unaong'aa, mita juu ya mita, umejiviringisha na karatasi na uchafu, kama matumbo ya mnyama aliyechinjwa. "Hiki nini sasa?" fundi akauliza, hakuna aliyemjibu. Watoto wa chini walicheka na kuziba pua. Mimi nilijua. Nilitazama juu. Bibi Zerin alikuwa amesimama kwenye kibaraza chake, mikono imeshika chuma, akitazama lundo lile likiongezeka kwenye majani. Hakulia. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alikuwa anayataja majina, nadhani, lakini sina uhakika.

Fundi alilitia lundo kwenye mfuko mweusi na kulitupa.

Mama alipoamka nilimweleza kilichotoka bombani, kwa sababu watoto wa chini wangemweleza. Alikaa kitandani, akashika kifua. Hadithi ya Jiwan alikuwa ameshaisikia kwangu. "Masikini mama wa watu," akasema. "Nani lakini aliyemtia hofu namna hiyo? Wale vijana hata hawakupanda." Alisubiri, kama mtu anavyosubiri baada ya swali lisilo la mtu fulani. Huo ndio mlango niliofunguliwa, nao nikautazama tu. Nikamwambia sijui. Mama akapika pilau siku ile, akajaza bakuli, akanituma nilipeleke.

Nililiweka bakuli kizingitini, nikabisha, nikageuka kukimbia. Mlango ukafunguka upesi kuliko nilivyotaka.

"Keça min."

Nikasimama.

"Usihuzunike," akasema Bibi Zerin. Sauti yake ilikuwa imepwaya. "Wewe uliniambia mapema. Usingeniambia, wangenikuta nayo. Wangechukua majina, wangemfikia Rojda. Wewe ni mtoto mdogo na ulipanda ngazi kuniambia. Kwetu hata watu wazima hawakuthubutu."

Akanisukumia mfuko wa yale matunda makavu, mfuko mzima. Niliupokea. Nililazimika kuyala yote, kwa sababu kama ningeyatupa Mama angeyaona kwenye taka na kuniuliza kwa nini.

Mipaka ilipofunguliwa Rojda akaja, mwanamke mrefu mwenye mkoba mmoja, na baada ya miezi michache akamhamishia shangazi yake Campbelltown alikopata kazi ya hospitali. Baba naye akarudi, amekonda, akashangaa nilivyorefuka. Tulikwenda Campbelltown mara moja, mimi na Mama, nikiwa na miaka kumi na minne, treni ile ndefu isiyokwisha. Sebule ilikuwa imejaa wageni wao. Bibi Zerin akanishika mkono, akanisimamisha katikati, akasema kwa Kikurdi maneno marefu, na watu wote wakageuka kunitazama kwa macho laini. Rojda akanitafsiria kwa Kiingereza: "Anasema wewe ndiye yule mtoto Mwafrika aliyekuja kumwonya." Mwanamume mmoja mwenye mvi akaweka kiganja kifuani akaniinamia. Mama alinitazama kwa fahari na mshangao. Kwenye treni ya kurudi akaniuliza kwa nini sikuwahi kumwambia kuhusu onyo hilo. Nikasema nilisahau.

Mama hajui hadi leo. Atayasoma hapa. Nisamehe, Mama, na ulichonituma kilikuwa sahihi.

Hadithi ya yule mtoto aliyeonya iliendelea kuishi bila mimi. Niliambiwa Bibi Zerin aliisimulia kila mwaka mpya wao, wakiwasha moto bustanini. Kwa miaka mingi nilijipa kila sababu: kwamba nilikuwa mdogo, kwamba kumwambia kungekuwa kumnyang'anya hata faraja hiyo, kwamba pengine angeikata kaseti hata bila mimi, kwa vile wanajeshi walikuja kweli. Sababu ya mwisho ndiyo niliyoipenda zaidi. Lakini siku tatu zile aliketi kimya juu ya dari yetu, mkasi umewekwa tayari bafuni, kwa ajili yangu. Bila mimi angewasikia wale vijana wakigawa biskuti, akakaa kimya, wakaondoka.

Mwaka jana akafariki. Kwenye maziko sikuweza kwenda. Kwenye arobaini nilikwenda peke yangu, na Rojda alipoingia jikoni kuosha vikombe nikamfuata, nikafunga mlango. Nilimweleza yote, na kidato cha mwisho, na furaha niliyoshuka nayo. Hakuacha kukausha vikombe hadi nilipofika kwenye maji ya choo. Hapo akaweka kitambaa chini.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Kumi."

"Mimi miwili," akasema.

Akageukia dirisha. Sebuleni watu walikuwa wakizungumza kwa sauti za chini, mtu akaja akashika kitasa, Rojda akamwambia asubiri. Nilijiandaa kufukuzwa. Nilikuwa nimeshashika mkoba.

"Sijui kama nitakusamehe," akasema bila kugeuka. "Usinisubiri nikusamehe." Akasuuza kikombe kimoja. "Lakini wewe ulimsikia."

"Kila siku. Karibu majira yote ya baridi."

"Mimi sijawahi. Nyimbo ninazijua zote, shangazi alinifundisha hadi nikachoka. Ila yeye mwenyewe, alikuwaje?"

Nikajaribu. Nikamwambia sauti yake ilikuwa kavu, ya juu, ilipanda taratibu. Niliona maneno yale hayampi kitu, yangeweza kuwa ya mwanamume yeyote. Maneno ya wimbo sikuyajua, ningeyaharibu. Nikafumba macho, nikarudi kwenye kiti changu cha kompyuta chini ya dari ile, Mama amelala, mvua dirishani.

"Kabla ya kijiji cha mwisho," nikasema, "alikuwa anakohoa. Kidogo tu, mara mbili, kama mtu anayewaomba radhi wasikilizaji. Halafu anaendelea."

Rojda akageuka. "Hilo shangazi hakuniambia."

"Labda alilizoea."

"Nionyeshe."

Nikakohoa mara mbili, pale jikoni, kama alivyokuwa akifanya.

Alisimama na mikono yenye maji, kichwa kimeinama upande mmoja.

"Tena," akasema.

Nikakohoa tena.